Naomba ushauri: ramani ya kale yenye Kilwa na Mombasa

Habari zenu wakuu. Nimeanza kukusanya ramani za Wazungu za enzi za safari za Wareno, na sasa nimepata karatasi ninayoitamani mno: ile ya Braun na Hogenberg (waliotoa kitabu cha picha za miji ya dunia), iliyotoka Cologne, Ujerumani, mwaka 1572, yenye Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala katika ukurasa mmoja. Mimi ni mtu wa Kilwa. Kuona jina “Quiloa” juu ya mji wetu, usingizi umeniruka.

Shida ni kwamba muuzaji kanitumia picha mbili tu. Najua ya kweli ilichapwa kwa bamba la shaba, hivyo ukingoni huacha alama iliyobonyea, na nyuma huwa na maandishi. Nakala za kisasa, ukizitazama kwa lenzi, utaona vidoti vidogo vidogo. Kwenye simu nitayaonaje hayo?

Wenye uzoefu, nimdai picha zipi kabla sijatuma hela? Rangi zake zinang’aa sana. Zikiwa zimepakwa miaka ya karibuni, thamani inashuka? Halafu unyevu wa hapa Dar, mnazihifadhije zisishike ukungu?