Quest 3S, Quest 3 au PSVR2? Nataka miwani ya VR ya kuweka nyumbani

Mzee_wa_Kinyerezi
Wakuu, habari za jioni. Mpwa wangu anakuja Desemba kutoka Houston na ameniambia begi lake lina nafasi ya kitu kimoja tu, mjomba achague. Nimechagua miwani ya VR, ile unayovaa ukajiona uko ndani ya mchezo. Sasa nimekwama: ipi?

Hali yangu ni hii. Nyumbani tuko wanne: mimi, mama watoto (anavaa miwani ya macho), kijana wa miaka 13 na binti wa miaka 9. Sebule nikisogeza sofa napata kama mita 2 kwa mita 2 na nusu. PS5 ninayo. Kompyuta ya maana sina, ipo laptop ya kazini tu ambayo ikifungua Excel kubwa inapiga kelele kama jenereta.

Ninazopima ni tatu. Quest 3S ya Meta, iliyotoka Oktoba 2024 kwa dola 299. Quest 3, ya Meta pia, iliyotoka mwaka mmoja kabla yake kwa dola 499. PSVR2 ya Sony, ya kuchomeka kwenye PS5, iliyoanza na dola 549.99 mwaka 2023, ikashushwa hadi 399.99 Machi 2025. Kuna jamaa pia ananiuzia Quest 2 iliyotumika, bei ya kirafiki. Mwenye uzoefu wa kukaa nayo ndani ya nyumba aseme, maana video za YouTube zote zinasifia.

Kipepeo_Ilala
Mkuu, nina 3S na nimetumia sana Quest 3 ya shemeji yangu, kwa hiyo hizo mbili niachie mimi.

Ubongo ni mmoja. Zote zina chipu ya Snapdragon XR2 Gen 2 na RAM ya GB 8, kwa hiyo hakuna mchezo utakaoenda kwenye Quest 3 ukagoma kwenye 3S. Uzito nao ni ule ule, zaidi kidogo ya nusu kilo. Tofauti iko kwenye macho. 3S imebaki na lenzi za Fresnel, zile zenye mistari ya duara, aina iliyobuniwa kwa minara ya taa ya kuongozea meli. Ukiangalia katikati pako safi, ukizungusha mboni pembeni maandishi yanayeyuka, na kitu cheupe kwenye giza kinatoa miale kama taa ya gari usiku wa mvua. Quest 3 ina lenzi bapa za kizazi kipya, unasoma hadi pembeni. Na kioo chake ni pikseli 2064 kwa 2208 kila jicho, dhidi ya 1832 kwa 1920 za 3S.

Jambo ambalo watu hawaliulizi dukani ni umbali kati ya mboni na mboni. Quest 3 ina gurudumu unalizungusha taratibu mpaka picha itulie. 3S ina hatua tatu tu, unachagua ya karibu. Mimi nimeangukia sawasawa kwenye hatua ya kati, sina shida. Mke wangu yuko kati ya hatua mbili, na baada ya dakika ishirini anavua, anasugua macho.

Kwa hiyo kama ni ya watoto kurukaruka, 3S. Kama wewe mwenyewe unataka kuangalia filamu na kusoma maandishi, ongeza hela.

Otis_wa_Rongai
Kila mtu anakimbilia Quest na mzee amesema PS5 iko hapo sebuleni! Nina PSVR2 tangu 2023, wacha niitetee.

Vioo vyake ni OLED, kila nukta inajiwasha na kujizima yenyewe. Weusi ni weusi kweli. Kwenye Quest, pango la giza linakuwa kijivu cha sufuria ya alumini. Kwenye PSVR2 unaingia pangoni, huoni mkono wako, na moyo unadunda. Miwani yenyewe inatetemeka kichwani kitu kikipita karibu. Inajua jicho linaangalia wapi. Kontrola zake unachaji kwa waya wa USB-C, hakuna kununua betri. Pia ule mkanda wake unakaa kwenye paji la uso kama kofia, haukandamizi mashavu, halafu kuna kitufe cha kusogeza sehemu ya mbele isogee au ikae mbali na uso. Mama watoto atavaa na miwani yake ya macho bila kugombana.

Sasa machungu. Waya. Mita 4 na nusu kutoka kichwani hadi kwenye PS5. Ukizunguka mara tatu umejifunga kama mbuzi wa Idd. Hutaibeba kwenda kwa shangazi, kwa sababu bila PS5, au kompyuta yenye nguvu na adapta yake, ni kofia tu. Michezo ya PSVR ya kwanza haiingii humu, na mipya haitoki kwa wingi. Nimeshacheza yote niliyoitaka, sasa nasubiri. Lenzi nazo ni za Fresnel, hapo sijifichi. Ikiteleza milimita mbili chini ya pua picha inafifia, unairudisha kwa kidole mchezo mzima.

Kipepeo_Ilala
Otis, umetetea halafu umeishitaki mwenyewe, mimi niseme nini tena?

Otis_wa_Rongai
Nimesema ukweli, buda. Ukicheza yale mashindano ya magari ukiwa umeketi, na usukani mbele yako, waya hauna neno na utanitumia zawadi.

Mwanahawa_Nyali
Assalamu alaykum. Nyote mwazungumza pikseli, hakuna aliyetaja kichwa.

Mimi ni mwanamke wa Mombasa, navaa mtandio, na chini nina mabutu. Mkanda wa kitambaa unaokuja na Quest hupita juu katikati ya kichwa na mwingine hukaa kisogoni, pale pale fundo la nywele lilipo. Wiki ya kwanza kila nikivua, mtandio hutoka nao. Dawa yangu: kofia ya pamba ya kuvaa chini ya mtandio, na mkanda mgumu wa kukaza kwa gurudumu la nyuma, nilioununua kando. Huo mkanda pia huvuta uzito kutoka puani kwenda kisogoni. Wa asili ni wa kuanzia tu, hesabu pesa ya mwingine tangu mwanzo.

La pili joto. Huku kwetu ukivaa dakika kumi bila feni, lenzi zafanya ukungu na sponji ya usoni yanywa jasho. Watu wanne kupokezana sponji moja iliyolowa ni karaha. Nunua kifuniko cha silikoni, kila mtu afuta kabla ya kumpa mwenzake. Lenzi ufute kwa kitambaa kikavu cha miwani, usitie spiriti.

Yangu ni Quest 3. Ina vitufe vya kusogeza sehemu ya uso mbele na nyuma, kwa hiyo hata mwenye miwani huvaa.

Na raha yake niiseme pia, maana tumelalama sana. Mama yangu magoti hayamruhusu tena kwenda mbali. Nikamtafutia video ya nyuzi 360 ya Makka, nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki, nikamvisha. Akanyamaza. Halafu akainama, akavua ndala zake, akazisukuma kando kwa mguu bila kuziona. Picha yenyewe ilikuwa na ukungu, si video nzuri. Hakujali. Tangu siku hiyo sijahesabu nililipa ngapi.

Mzee_wa_Kinyerezi
Dada Mwanahawa, hapo kwenye ndala nimesoma mara mbili. Asante.

Swali jingine. Mama watoto akipanda basi la Iringa, tukifika Kitonga tu anaomba mfuko. VR itamwacha salama?

Bin_Seif_Maskati
Sheikh, ndilo swali la kuulizwa kwanza, na watu huliuliza baada ya kutapika.

Kwenye basi la Kitonga sikio la ndani linahisi kona lakini jicho linaangalia kiti cha mbele. Kwenye VR ni kinyume: jicho linasema tunakwenda, sikio linasema tumesimama. Mwili haupendi ushahidi wa mashahidi wawili usiooana. Kwa hiyo aanze na michezo ambayo yeye hasogei, vitu ndivyo vinamjia: kukata matofali kwa mdundo, tenisi ya mezani, kuvua samaki. Pale ni miguu yake mwenyewe tu, hakuna ugomvi. Michezo ya kutembea, achague mtindo wa kuruka kutoka nukta hadi nukta, asitumie ule wa kuteleza kwa kijiti. Feni impulize usoni. Na akihisi jasho jembamba au mate kujaa, avue pale pale. Asijikaze. Mimi nilijikaza siku ya kwanza kwa ubishi, nikalala na kizunguzungu mpaka alfajiri, na wiki nzima kila nikiona ile miwani tumbo linageuka.

Hiyo Quest 2 usikimbilie, ingawa bei tamu. Ilitoka Oktoba 2020, haitengenezwi tena, na ukitaka kuona chumba chako ukiwa umeivaa unaonyeshwa picha nyeusi na nyeupe. Ukiamua kuinunua, fungua ukurasa mweupe mtupu uangalie kama kuna alama za kuungua. Lenzi ni kioo cha kukuza: jua likiingia upande wa lenzi, hata kidogo, huchoma kioo cha ndani. Nasema kwa sababu ya kwanza niliiua hivyo, niliiacha kwenye kochi karibu na dirisha, nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi ilikuwa na mstari wa njano ambao haukutoka tena. Na hakikisha muuzaji ameifuta kabisa na kuitoa kwenye akaunti yake mbele ya macho yako.

Kijana_wa_Mbezi
Naongeza la umeme. Nilidhani kwa kuwa Quest 3 ina betri yake, ukikatika mimi naendelea. Wapi! Taa zikazima, kamera zake hazioni ukuta wala sakafu, ikapoteza mwelekeo, na rauta nayo ikalala. Nimesimama gizani na kofia ya saa mbili za chaji, sina pa kwenda.

Kontrola za Quest kila moja inakula betri moja ya AA. Nunua za kuchaji, nne, mbili zikae kwenye chaja.

Kipepeo_Ilala
Hapo 3S inaipiku kaka yake kidogo: ina taa za infraredi mbele zinazoisaidia kuona gizani. Rauta utajiju.

Halima_Minneapolis
Mimi nitakuwa mchawi wenu leo. Yangu niliiuza.

Miezi miwili ya kwanza tuligombea zamu. Mwezi wa nne ilikuwa kabatini, chini ya majaketi. Haikuharibika. Kero zake ni ndogondogo ila zinaua hamu: unataka kucheza dakika kumi na tano, chaji imeisha. Umechaji, inataka sasisho. Imemaliza sasisho, inataka uchore upya mpaka wa chumba, ule mstari wa kukuonyesha mwisho wa eneo la kuchezea. Umechora, mtoto ameamka. Ukishaivaa nyumba nzima inakukosa. Mume wangu alikuwa anapiga ngumi hewani nami nipo kwenye kochi nimekaa kama abiria. Ukiinunua, jifunze siku hiyo hiyo kurusha picha kwenye TV ili wengine waone na wacheke pamoja nawe.

Na mzee, binti yako ana miaka 9. Meta wanaruhusu kuanzia miaka 10, na wa 10 hadi 12 akaunti yao inasimamiwa na mzazi. Sony wanasema chini ya 12 asivae kabisa. Hili halijatajwa na mtu na ndilo lingenifanya nichague.

Otis_wa_Rongai
Hiyo ya 12 imeniua. Mzee, sahau PSVR2, mtoto atasubiri miaka mitatu akiangalia waya.

Mzee_wa_Kinyerezi
Wakuu, nimekaa na mama watoto jana usiku tukasoma yote. Uamuzi: 3S, ile yenye hifadhi ya GB 128. Nilikuwa naivutia Quest 3 kwa sababu ya lenzi, lakini tofauti ya dola 200 nitainunulia mkanda mgumu, silikoni, betri nne za kuchaji na michezo miwili ya kulipia, na chenji itabaki. Mama watoto atapima kwanza umbali wa mboni zake kwa yule fundi wa miwani, nijue kama ataangukia kwenye hatua. Akiwa katikati kama shemeji wa Kipepeo, tutarudi kwenye Quest 3.

Kipepeo_Ilala
Ni mke wangu, Mzee. Shemeji ndiye mwenye Quest 3.

Mzee_wa_Kinyerezi
Samahani, nimekuoza upya. Mpwa atafungua boksi huko huko Houston, apakue masasisho kwa intaneti yao, ahakikishe kontrola zinafanya kazi, ndipo aipakie kwenye begi la mkononi. Adapta yao inapokea hadi volti 240, nitahitaji kibadilishi cha plagi tu. Binti anatimiza miaka 10 mwezi Machi, ameshaambiwa, amenuna. Meza ya kioo ya sebuleni inahamia chumbani.

Otis_wa_Rongai
Na TV?

Mzee_wa_Kinyerezi
TV ipo juu ukutani, nyuma ya mpaka.

Mwanahawa_Nyali
Na feni ya dari? Ule mpaka wachorwa sakafuni, juu hauangalii. Kaka yangu alinyanyua mkono kudaka mpira, akavunjwa kucha mbili.

Mzee_wa_Kinyerezi
Ngoja nitafute futi.