Nataka kurudi RuneScape baada ya miaka mingi: nimtafute mhusika wangu wa zamani au nianze upya?

MwanaKibokoni
Assalam aleikum, na hamjambo nyote.

Nilicheza RuneScape, ule mchezo wa mtandaoni, kuanzia 2008 hadi 2011 hivi, enzi za kulipia dakika kwenye saiba za Moi Avenue. Unafungua kivinjari, unangoja, unangoja tena, ndipo Lumbridge, mji wa kuanzia, inatokea. Nilipopata kazi nikaacha. Juzi binamu yangu aliyeko Doha kaniandikia kwamba amerudi na anataka tucheze pamoja. Huyu ndiye aliyenifunza kupanda jahazi la Port Sarim kwa sarafu 30 hadi Karamja kuvua kamba mawe. Hatujaonana muda mrefu, na ujumbe wake umenigusa kuliko nilivyotarajia.

Nimepakua Old School kwenye simu, nikaingia kwa akaunti yangu ileile. Nimekuta mtu wa levo 3 amesimama Tutorial Island, kisiwa cha wanaoanza, hana kitu. Wangu alikuwa amepita levo 80 na benki yake imejaa. Kwani wamemfuta? Na je, mtandao wa hapa Mombasa unatosha kucheza na seva za Ulaya? Nina mtoto mdogo, nafasi yangu ni baada ya isha tu, kwa hiyo naomba ushauri wa watu wanaocheza kweli.

Kaskazi_Tudor
Waaleikum salaam. Hajafutwa, tulia.

Old School ni gemu nyingine. Jagex, wenye mchezo, waliifungua Februari 2013 kutokana na nakala ya mchezo waliyokuwa wameihifadhi tangu Agosti 2007, na kila mtu alianza sifuri, hata aliyekuwa na levo 99 ya kila ujuzi. Mhusika wako yuko kwenye RuneScape iliyoendelea mbele, ile inayoitwa RuneScape 3. Nayo ipo kwenye simu pia. Ila ujue mapigano yake yalibadilishwa Novemba 2012. Utakuta safu ya mapigo ya kuchagua chini ya skrini, na ramani imejaa vitu usivyovijua.

Kabla ya yote, muulize binamu yako anacheza ipi. Hizi mbili hazikutani.

Kusi
Mimi ningerudi kwa yule wa zamani bila kufikiri. Ni miaka ya ujana wako ile, yakhe. Kuanza tena kuua kuku Lumbridge ukiwa na familia na kazi ni kujichosha.

Bi_Kisauni
Kusi, hapo hatuko pamoja. Nilirudi kwa mhusika wangu wa zamani na nikamwacha tena upesi, kwa sababu sikujua pa kuanzia. Benki imejaa vitu, sikumbuki kimoja ni cha nini. Nilipoanza upya Old School, kila hatua niliielewa, na njia za Varrock na Falador zilinirudia zenyewe.

Mdogo wangu, suala la muda ndilo kubwa. Usifukuze 99. Levo 99 ya ujuzi wowote inataka pointi 13,034,431, na ukifika 92 ndio kwanza umefika nusu. Mtu mwenye mtoto akilenga huko atakosa usingizi bure. Gawa shughuli kulingana na usiku ulivyo. Mtoto akiwa macho, kata miti au vua samaki, maana ni kugusa skrini mara mojamoja. Akilala, fanya misheni. Na mkeo mwambie wazi usiku gani ni wa mchezo, asiwe anakukuta tu umeinamia simu.

Fundi_Bamburi
Kuhusu mtandao. Ule ungojaji wa saiba ulikuwa na sababu: hadi 2009 mawasiliano yetu na nje yalipitia setilaiti. Mwaka huo nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa, EASSy ikafuata 2010. Mtandao unaoukumbuka haupo tena.

Pili, Old School haiendi kwa kasi ya michezo ya kupigana risasi. Seva ina mdundo wa sekunde 0.6. Unagusa, seva inapokea, mhusika anatenda mdundo unaofuata. Umbali hadi Ulaya unamezwa humo humo. Kwenye orodha ya dunia, yaani seva za kuchezea, chagua yenye bendera ya Uingereza au Ujerumani, na binamu achague namba hiyohiyo, la sivyo hamtaonana.

Hatari ni stima. Ikikatika katikati ya mapigano, mhusika wako anabaki pale anapigwa. Weka bando kwenye simu, na usikanyage Wilderness, eneo ambako wachezaji wengine wanaweza kukuua, usiku wa mvua. Ukifa kwingine siku hizi vitu hubaki kwenye kaburi lako, una dakika 15 za kuvifuata.

Kaskazi_Tudor
Naongeza la usalama. Barua pepe ya zamani ibadilishe leo, washa uthibitishaji wa hatua mbili, weka PIN ya benki ya mle mchezoni. Na yule anayesimama Grand Exchange, soko la mchezo, akiahidi kukuzidishia sarafu mara mbili ni mwizi leo kama alivyokuwa mwizi wakati ule.

Kulipa, usiharakishe. Sehemu ya bure inatosha kuanzia. Ukitaka uanachama, Google Play inapokea M-Pesa, au uchume sarafu ndani ya mchezo ununue bond, kitu cha mle mchezoni kinachokupa uanachama wa siku 14.

MwanaKibokoni
Mungu awabariki. Binamu anacheza Old School.

Nimemtazama wangu wa zamani RuneScape 3. Yupo benki ya Varrock na deraya yake ya rune, na majina ya marafiki yote yamo kwenye orodha. Nimesoma moja moja, nikatoka. Nitamwacha hapo.

Jana tumeanza na mpishi wa ngome ya Lumbridge, yule anayetaka yai, maziwa na unga. Nilikuwa nimesahau kwamba ngano unaitia juu kwenye kinu, unavuta mtaimbo, kisha unashuka chini kuuchota unga. Binamu alikuwa kwenye simu ananielekeza na tulicheka sana. Ameahidi kunipa bond. Anasema nikiipata twende moja kwa moja Waterfall Quest, misheni ya wanachama. Kwa levo zangu inawezekana?

Bi_Kisauni
Inawezekana, haidai levo ya mapigano. Ukimaliza unapewa pointi 13,750 za Attack na nyingine 13,750 za Strength, unatoka levo 1 hadi 30 papo hapo. Beba kamba ya kufungia, chakula cha kutosha, na rune, vile vijiwe vya uchawi: sita za hewa, sita za maji, sita za ardhi. Kaburini kwa Glarial huingii na silaha wala deraya, viache benki. Kwenye pango la maporomoko kuna majitu ya moto, usisimame kupigana nayo. Yapite mbio.