Ushauri: kibali cha kiyoyozi nyumba ya Mji Mkongwe napataje?

Kijana wa Kiponda: Asalaam alaykum. Bimkubwa wangu ana presha, na joto hili la kaskazi halimpi usingizi. Usiku namkuta dirishani, kanga imerowa jasho. Nataka kumtilia kiyoyozi. Naambiwa lazima kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Naanzia wapi?

Mama Nasra: Mpe pole. Sisi huku Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, tulifunga siku moja, hatukuuliza mtu. Lakini umeme, mwanangu! Tukuza, umeme wa kulipia kabla, ya wiki haifiki siku tatu.

Fundi Chokaa: Mdogo wangu, kuta hizo ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari ni boriti za mikoko. Maji ya kiyoyozi yakichuruzika ukutani, boriti inaoza kichwani, ndani ya ukuta, huioni. Kile kipande cha nje unakiweka uani au njiani?

Kijana wa Kiponda: Uani majirani watalalamika. Njiani ndiyo rahisi.

Fundi Chokaa: Ushatoboa?

Kijana wa Kiponda: Tundu moja tu, juzi, juu ya mlango. Fundi alikuwa na nafasi siku hiyo, ningemwachia aende? Mama alikuwa anaumwa! Na mtaani wenzangu wanavyo, hawaguswi.

Babu wa Shangani: Ndivyo mji unavyokwisha, tundu moja tu, tundu moja tu. UNESCO wametuandika urithi wa dunia tangu 2000. Jumba la Beit al Ajaib limeporomoka upande Disemba 2020, watu wakafa. Sisi tukilala sakafuni juu ya mkeka, madirisha wazi, upepo wa bahari unaingia.

Mpemba wa Wete: Yakhe, mie siamini. Kila mwenye nyumba ya wageni siku hizi ana mama mgonjwa. Lete picha.

Kijana wa Kiponda: Wallahi ni mamangu. Chumba cha chini nakodisha, sikatai, lakini kiyoyozi ni chake. Picha hiyo. Kila asubuhi nafagia unga mweupe kizingitini.

Fundi Chokaa: Awe na wageni asiwe nao, unga huo ni wa kweli. Ukuta unamwagika. Nenda Mamlaka na picha hiyohiyo, sema ushatoboa kabla hawajakukuta. Omba kipande cha nje kikae uani, maji yashuke kwa bomba mpaka mferejini. Tundu ziba kwa chokaa. Saruji usiguse, inafungia unyevu ndani.

Kijana wa Kiponda: Jana yule fundi ameshaziba kwa saruji. Nibandue mwenyewe au nikusubiri?