Ushauri: Townace ya mizigo niigeuze gari la kulala na kubebea baiskeli za milimani (niko Tanga)

Pedali_Raskazone
Wakuu salaam. Nina Townace ya mizigo, siti za mbele tu, niliyokuwa nasambazia maji ya chupa. Biashara nimeiacha, gari limebaki linaota jua. Mimi na shemeji yangu tumenogewa na baiskeli za milimani, kila mwisho wa mwezi tuko Lushoto au Amani. Sasa hela ya gesti inashinda ya mafuta, halafu baiskeli zinalala uani. Safari iliyopita tumeamka, moja haina tairi la nyuma. Mlinzi anasema hakusikia kitu.

Nimepima ndani: urefu mita 2 na sentimita 15, upana 1.4, kimo 1.2. Seremala wa Ngamiani kanichorea kitanda cha mninga, kabati, sinki na meza ya kukunja. Baiskeli anasema zikae chini ya kitanda. Mnaonaje? Na umeme wa taa, simu na feni niutoe wapi?

Randa_na_Msumeno
Mgosi, huyo anakutengenezea nyumba ya bi harusi. Mninga ni mbao nzuri ila nzito, na wewe unapanda Mombo–Lushoto. Kupanda utapanda tu. Kushuka ndiko kwenye kazi, zile kona na mzigo wote ule, ukikanyaga breki mfululizo zinachemka na pedali inalainika. Shuka na gia ndogo, na mzigo upunguze. Fremu piga paini, juu plaiwudi ya milimita 12, basi. Sinki la nini? Dumu la lita 20 lenye koki linatosha, na hilo peke yake ni kilo 20.

Kabla ya ubao wa kwanza, ng'oa kapeti lote. Gari la Tanga, upepo wa bahari, tena lilikuwa linabeba maji! Piga msasa kutu yote, paka redi oksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu), kisha rangi, ndiyo ufunike. Ukifunika kutu na plaiwudi, mwakani mguu unatokea chini.

Kona_ya_Soni
Kaka, mbona hakuna aliyepiga hesabu ya fundi? Baiskeli ikivuliwa tairi la mbele na siti ikashushwa, usukani bado uko kama sentimita 90 kutoka chini. Ukiweka kitanda juu yake, unabaki na sentimita 30 hadi paa. Utalala kama dagaa kwenye kopo.

Zisimamishe ubavuni, moja itazame mbele nyingine nyuma, usukani ulegezwe na kugeuzwa ulale sambamba na fremu. Foku (uma unaoshika tairi la mbele) uzifunge kwenye ubao uliobanwa sakafuni kwa bolti. Zitakula kama sentimita 60. Zinabaki 80, kitanda cha mtu mmoja. Wa pili hema.

Mzee_wa_Keria
Mnahangaika bure, weka keria juu ya paa.

Kona_ya_Soni
Mzee wangu shikamoo, lakini yeye kaibiwa tairi uani, wewe unamwambia azianike juu ya paa?

Mzee_wa_Keria
Marahaba. Haya, nimenyamaza. Na niseme ukweli, mwaka juzi nilisahau kuwa zipo juu nikaingia nazo geti la nyumbani kwangu mwenyewe. Foku ilipinda. Mama watoto anacheka mpaka leo.

Waya_Mwekundu
Umeme usikutishe. Feni ya wati 15 kwa saa 8 ni wati-saa 120. Taa za LED wati 10 kwa saa 4 ni 40. Simu mbili weka 30. Jumla 190, gawa kwa volti 12, unapata kama Ah (ampea-saa) 16 kwa usiku. Betri ya sola ya Ah 50 inatosha, maana hizi za risasi hutakiwi kuzishusha chini ya nusu. Ya kuwashia gari usiiguse, haikuumbwa kwa kunyonywa usiku kucha, asubuhi utasukuma gari na baridi ile.

Iunganishe na betri ya gari kupitia rilei (swichi inayojiwasha kwa umeme), ili ichajiwe injini ikiwaka tu. Fyuzi iwe shubiri moja kutoka kwenye kila betri. Ukiiweka mwisho wa waya, waya ukichunika katikati na kugusa bodi unaungua wakati fyuzi inakutazama.

Nyongeza kwa wenye breki za mafuta: ukivua tairi, chomeka kipande cha boksi gumu katikati ya pedi. Ukibonyeza breki kwa bahati mbaya zinabanana, na kuzitanua porini ni adhabu.

Kona_ya_Soni
Mwezi wa sita na wa saba huku ni baridi kweli. Msije mkaingiza jiko la mkaa ndani ya gari, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Hewa yake haina harufu na inaua. Vaeni masweta, dirisha liache wazi vidole viwili na wavu wa mbu, la sivyo pumzi zinageuka maji na godoro linaloa.

Na msiegeshe popote usiku. Kabla jua halijazama mtafuteni mwenyekiti wa kitongoji, mjieleze. Gari geni lenye watu ndani gizani, mgambo watagonga kioo. Mkitaka msitu wa Magamba au Amani, ile ni hifadhi ya TFS (wakala wa misitu wa serikali), lipieni getini kwanza.

Pedali_Raskazone
Asanteni sana. Mninga nimefuta, sinki nimefuta. Kapeti nimeng'oa leo mchana, chini ya siti ya abiria kuna tundu linaingia ngumi, kwa hiyo naanza kwa mchomeleaji.

Shemeji kakubali hema, ila godoro la inchi 4 nililonunua anasema ni lake.

Mzee_wa_Keria
Mpe. Ukikataa ataanza kuuliza kwa nini dada yake hapelekwi Lushoto.