Benki kubwa ikifanya madudu, faini inatosha au watu waende ndani? Tuijadili kwa ile ya Stanbic na dola milioni 600

Wakuu habari za muda huu. Kuna kitu kinanikera kila nikisikia benki kubwa imepigwa faini halafu watu wanashangilia. Naomba tukijadili kwa mfano wa kwetu kabisa maana ukianza na za Wall Street watu wanasinzia.

Mnaukumbuka ule mkopo wa dola milioni 600 serikali iliochukua 2013? Kwa wadogo zetu ambao hawakufuatilia: serikali ilitaka hela ya maendeleo, Stanbic ya hapa Dar na ndugu yake Standard Bank Plc ya London wakawa ndo wa kutafuta wawekezaji huko nje. Mwanzo ada yao ilikuwa asilimia 1.4. Mambo yakasuasua weee, mara ada ikapanda mpaka 2.4, na ile asilimia 1 iliyoongezeka ikaelekezwa kwa kampuni ya hapa inaitwa EGMA, eti ndo mshirika wa ndani. Mwenyekiti wa hiyo EGMA, na mwenye hisa, alikuwa Kamishna Mkuu wa TRA, tena akiwa bado yuko ofisini! Yaani anayekusanya kodi zetu ndo ana kampuni inayolipwa ili nchi ikopeshwe. Asilimia 1 ya milioni 600 piga mwenyewe, ni dola milioni 6, na wachunguzi wa Uingereza walivyotafuta kazi iliyofanywa na EGMA hawakuiona.

Hela ikaingia akaunti ya EGMA hapo hapo Stanbic, Machi 2013, na ndani ya siku chache sehemu kubwa ikawa imeshatolewa keshi. Waliostuka hawakuwa mabosi wala wakaguzi wa London, walikuwa wafanyakazi wa hapa hapa Dar, ndo waliosema jamani hii siyo kawaida. Mwezi uliofuata benki ikajipeleka yenyewe kwa SFO, wale wanaoshughulikia ufisadi mkubwa Uingereza.

Sasa njoo kwenye hukumu. Novemba 30, 2015 Jaji Leveson akapitisha makubaliano, ya kwanza ya aina yake Uingereza: benki inasomewa shtaka la kushindwa kuzuia rushwa, inalipa, inakaa miaka 3 bila kufanya vituko, kesi inafutwa. Hesabu ndo hii. Ada iliyobaki kwa benki ukitoa ya EGMA ilikuwa dola milioni 8.4, hiyo wakairudisha. Faini ikawa mara 3 ya hapo, halafu wakapunguziwa theluthi kwa kuwa waungwana, ikabaki milioni 16.8. Jumla 25.2, na zote zikaenda hazina ya Uingereza. Marekani nao kupitia SEC, wasimamizi wa masoko yao ya hisa, wakachukua 4.2 zao. Tanzania, ambao ndo tumeibiwa, tukarudishiwa milioni 6 zetu na riba kama milioni 1 hivi, basi.

Na London hakuna hata mmoja aliyesimama kizimbani kwa hili. Ndo maana nasema faini ya benki ni gharama ya biashara kama umeme na kodi ya jengo, anayelipa ni mwenye hisa. Mimi naona bila mtu kuwajibika kwa jina lake hakuna uwajibikaji hapo. Karibuni.

kaunta_namba_tatu: Mkuu umeandika vizuri ila unasahau kitu. Mimi nimekaa kaunta miaka, siyo benki hiyo lakini. Mteja akija kutoa hela nyingi keshi unampigia msimamizi, msimamizi anampigia meneja, na mteja akiwa mzito meneja ndo anakwambia hudumia. Sasa wale waliothubutu kupeleka mbele uliza kwa nini ilifika, ilifika kwa sababu juu kulikuwa na mtu anajua kwamba akiificha na ikibumbuluka ataumia zaidi. Hayo makubaliano unayoyaponda ndo yanayofanya benki ijisemee. Ukiwaambia mkijisema mnafungwa, nani atajisema? Ingekaa kimya mpaka leo na hizo milioni 7 tusingeziona.

Halafu London msiwasingizie, mahakama haikusema walijua. Kosa lao ni uzembe, waliiachia Stanbic ndo imchunguze mshirika wakati hata na wao ilikuwa kazi yao.

mlipa_kodi_tandika: Uzembe wa milioni 6 🤣🤣 mimi nikizembea kulipa mkopo wa laki 5 wanakuja kubeba friji

wakili_wa_mtaani: Mleta mada unataka watu waende ndani, sawa, mbona hapa kwetu walienda? 2016 huyo kamishna, ameshastaafu, na waliokuwa maofisa wa Stanbic wakapandishwa mahakama ya Kisutu, shtaka la kutakatisha fedha halina dhamana, wakakaa mahabusu zaidi ya miaka 4 kesi inapigwa kalenda. Mwishoni Agosti 2020 wakakubaliana na DPP, mkurugenzi wa mashtaka, kwa ile sheria ya kukiri kosa, wakatakiwa kulipa fidia shilingi bilioni 1.5, wakaenda nyumbani. Kwa rate ya wakati ule hata dola milioni 1 haifiki. Sasa niambie, hiyo ndo haki unayoitaka? Mtu anatumikia kifungo kabla ya hukumu, halafu siku ya hukumu ndo anatoka. Ushahidi wote ule tulioutamani kuusikia, nani alimpigia nani, keshi ilienda kwa nani, haukufika mwisho kwa sababu kesi iliishia kwenye makubaliano.

Na hao Waingereza walijaribu mwaka huo huo 2020 kuwafunga mabosi wa Barclays kwa lile dili la 2008 la kutafuta mtaji Qatar, wakaachiwa huru wote. Kumfunga bosi wa benki ni ngumu ndugu zangu, kila karatasi ina saini sita na kila mwenye saini anasema nilimwamini mwenzangu.

Mleta mada: Wakili nakubaliana na wewe kwenye mahabusu, ile ilikuwa ni kuteswa, lakini hiyo siyo sababu ya kurudi kwenye faini tu. Hiyo hoja yako ya saini sita ndo hasa tatizo, basi sheria iseme saini ya mwisho ni ya nani. Kaunta namba tatu, dada au kaka samahani sijui, hoja ya kujisema naielewa, ila makubaliano yalikuwa ya kampuni. Kampuni kupewa msamaha haimaanishi watu wake nao wapewe. Na kama mgao wa faini uko hivyo, 25.2 kwao na 7 kwetu, hata BAE, kampuni ya Uingereza iliyotuuzia ile rada, walitulipa vizuri zaidi, pauni milioni 29.5, chenji ya rada ikanunua vitabu na madawati. Huku aliyepata hasara amepewa kidogo kuliko hakimu!

BoT, Benki Kuu yetu, nao walitoa notisi ya kuipiga Stanbic bilioni 3 za kitanzania. Bilioni 3 kwa benki kubwa vile.

kaunta_namba_tatu: Dada. Na bado nasema ungekuwa ndani ya benki ungeelewa. Faini siyo hela tu, ukishaandikwa hivyo benki za nje zinakukwepa, kila muamala wako unachunguzwa, watu wa compliance, wale wa kuhakikisha sheria zinafuatwa, wanaajiriwa kama uyoga. Mimi fomu ninazojaza leo kwa mteja anayetuma hela nje sikuzijaza 2012. Hayo ni mabadiliko, hayapigi kelele lakini yapo.

wakili_wa_mtaani: Fomu anajaza mama anayemtumia mwanae ada, dada yangu. Mwenye EGMA yake hakuhitaji fomu.

Mimi pendekezo langu ni dogo, serikali ikikopa nje, barua ya ada iwekwe wazi bungeni kabla hela haijaingia: nani analipwa, asilimia ngapi, kwa kazi gani. Ile asilimia 1 isingevuka hata wiki.

mlipa_kodi_tandika: na hiyo barua nani ataipeleka bungeni mkuu, si ndo wale wale wa wizarani waliokubali ipande toka 1.4 mpaka 2.4