Koni ya usukani: nirudishe gololi au nihamie rola?

Mwanakasarani
Hamjambo wanajukwaa. Pikipiki yangu imeanza kugonga penye usukani kila ninapofunga breki ya mbele, na fundi wangu amesema koni, yaani beringi za shingo ya usukani, imekwisha. Jana nilipita Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kuuliza bei, muuzaji akanitolea seti mbili: ile ya kawaida yenye gololi, na nyingine yenye rola za umbo la koni, ambayo bei yake inazidi mara mbili ya ile ya kwanza. Ni lazima niamue kabla ya Jumamosi, kwa kuwa ndiyo siku fundi ana nafasi. Ipi iliyo bora?

Spana Kumi na Saba
Bora kwa pikipiki ipi, ndugu? Hukutaja aina yake, hukutaja kazi inayofanya, wala hukusema usukani unahisije ukiugeuza. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, egemeza pikipiki hadi gurudumu la mbele liwe hewani, shika miguu ya shoki chini karibu na ekseli, kisha uivute na kuisukuma. Ikichezacheza, koni imelegea. Baada ya hapo geuza usukani polepole kwa kidole kimoja. Ukihisi unatumbukia kwenye kijishimo pale katikati, basi vikombe, yaani zile pete za chuma ambamo gololi huzunguka, vimechimbika na hakuna kukaza kutakakoviponya. Usipohisi kitu, huenda unahitaji kukaza tu, na muuzaji wa Kirinyaga akose wateja kwa siku moja.

Babake Imani
Mimi sihitaji maelezo zaidi ili kukushauri uchukue rola. Gololi hugusa kikombe kwenye nukta ndogo sana, ilhali rola hulala juu yake kwa mstari mzima, na kwa hiyo pigo la kila tuta na kila shimo hugawanyika badala ya kuchimba mahali pamoja. Yangu niliifunga rola, nikaikaza tena baada ya kilomita mia chache zilipokuwa zimejikalia, na tangu hapo sijaifungua.

Dada wa Ruiru
Kaka, usiamue kwa kutazama seti pekee. Mtazame pia atakayeifunga. Mimi huendesha kutoka Ruiru hadi Eneo la Viwanda kila siku ya kazi. Mwaka jana usukani ulipoanza kugonga kama wako, nilinunua seti mpya ya gololi na kumpelekea fundi aliyesifiwa sana na majirani. Alibadilisha gololi lakini akaviacha vikombe vya zamani, akidai kwamba bado vina nguvu, kisha akaikaza nati yenye meno, ile inayobana koni, kwa tindo na nyundo mpaka akatoka jasho. Nilipomwuliza kwa nini usukani umekuwa mzito, alinijibu kwamba kitu kipya huwa kigumu na kwamba kitalainika chenyewe. Kwenye mwendo wa kasi sikuona shida kubwa, lakini nilipoingia kwenye msongamano wa Roysambu na kupunguza mwendo, pikipiki ilianza kuyumba kama ya mwanafunzi: kila nilipoirekebisha kidogo, usukani ulikataa, halafu ukaachia kwa ghafla. Niliangukia upande wa kushoto, kando ya matatu iliyokuwa imesimama, na namshukuru Mungu kwamba ilikuwa imesimama kweli. Haikupita miezi miwili kabla ya kile kijishimo cha katikati kurudi. Nililipia kazi ile mara mbili, na goti langu bado linakumbuka.

Spana Kumi na Saba
Pole sana, dada. Kosa lilikuwa kwenye vikombe na kwenye nati, si kwenye gololi. Gololi mpya haziwekwi kwenye vikombe vya zamani. Nati nayo hukazwa kwa awamu: kwanza unazilegeza boliti zinazobana miguu ya shoki ili shina la usukani liweze kusogea, unaikaza nati kwa nguvu kiasi ili kila kitu kikae mahali pake, unageuza usukani kushoto na kulia mara kadhaa, unailegeza, halafu unaikaza upya kwa wepesi mpaka kuchezacheza kuishe. Ukimaliza kufunga nati ya juu, pima tena, kwa sababu nayo huongeza mkazo chini yake. Usukani ukisukumwa kidogo kutoka katikati, unapaswa kuanguka wenyewe hadi mwisho, bila kukwama na bila kujibamiza.

Mzee wa Buruburu
Vijana mnapenda vipimo. Mkono uliozoea unatosha. Isitoshe, mlio huo unaweza kutoka kwenye bushi za shoki. Weka kidole pale kibano cha chini kinachoshika miguu ya shoki kinapokutana na fremu, mwenzako avute breki na kusukuma, nawe utajua kinachosogea ni kipi.

Spana Kumi na Saba
Kuhusu kidole nakubaliana nawe, mzee wangu. Kuhusu mkono, hapana. Asiye na spana ya kupimia mkazo anaweza kutumia mizani ya kuning'iniza: ukivuta kilo 10 mwishoni mwa spana, sentimita 20 kutoka katikati ya nati, umepata takriban nyutoni-mita 20. Kiwango chenyewe kitafute kwenye kitabu cha pikipiki yako, wala usikiazime cha pikipiki nyingine.

Mzee wa Buruburu
Mizani ya kupimia nyama. Sawa.

Mwanakasarani
Samahani kwa kuchelewa. Ni Boxer 150, nimeinunua mkononi, na waya wa kilomita ulikuwa umekatika. Nimeinua gurudumu jioni hii: inachezacheza, na katikati inatumbukia kidogo. Labda niseme pia kwamba huioshea kwa mashine ya presha kila Jumapili.

Babake Imani
Hilo la mashine ungelisema mwanzo! Maji ya presha yakielekezwa pale juu husukuma grisi nje, na kutu huingia mahali pake. Rola nazo haziwezi kustahimili hayo.

Spana Kumi na Saba
Basi vikombe vyote viwili vinatoka. Ukichagua rola, pima kipenyo na kimo dhidi ya seti ya zamani kabla ya kulipa, kwani kimo kikizidi, nati ya juu hukosa nyuzi za kutosha za kushika.

Mwanakasarani
Naelekea kwenye rola, ingawa gololi zikifungwa vizuri naona zingenitosha. Nimempigia fundi kumwuliza kama ana spana ya ndoano, ile ya kukazia nati yenye meno. Amesema tindo lake halijawahi kumwangusha.

Dada wa Ruiru
Nitakuazima yangu. Njoo uichukue kabla ya Ijumaa jioni, na uje kwa matatu.