Nyuzi moja tu ya joto inauaje matumbawe?

Mdadisi77
Wakuu, naomba kueleweshwa. Kila nikisoma habari za mabadiliko ya tabianchi na bahari nakutana na maneno yale yale: maji yamepanda joto kwa nyuzi moja, matumbawe yanateketea. Sasa nyuzi moja ni kitu gani? Hewa hupanda na kushuka nyuzi kumi kati ya alfajiri na saa nane mchana, na sioni mti unaokufa. Halafu nasikia kuna matumbawe yanayoishi kwenye maji ya moto kwelikweli. Mwenye ujuzi anifafanulie, ila siasa sitaki.

MzamiajiMzee
Mkuu, swali zuri. Kazi yangu ni kuzamia na kuhesabu matumbawe, kwa hiyo nakueleza ninavyoyaona.

Tumbawe si jiwe wala mmea. Ni wanyama wadogo walioshikana, na ndani ya nyama yao wamehifadhi mpangaji: mwani usioonekana kwa macho, unaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Kodi anayolipa mpangaji huyo yaweza kufika hadi 90% ya mahitaji ya mwenye nyumba, na rangi nyingi unazoziona ni zake. Joto likizidi, mwani huanza kutoa aina za oksijeni zenye sumu, tumbawe linautimua. Linabaki jeupe pe, maana nyama yake inapitisha mwanga na unachoona ni chokaa ya chini.

Hiyo nyuzi moja haihesabiwi juu ya wastani wa mwaka. Inahesabiwa juu ya kilele cha kawaida cha msimu wa joto mahali hapo hapo, na matumbawe mengi huishi karibu kabisa na ukomo wake. Halafu kuna muda. Nyuzi moja juu ya kilele kwa wiki nne, yanaanza kupauka. Wiki nane, tarajia vifo. Mti wako wa saa nane unapata usiku wa kupumua. Bahari haipoi hivyo.

Hayo ya maji ya moto yapo, Ghuba ya Uajemi, ambako kiangazi maji hupita nyuzi 34. Yamezoea kwa vizazi na vizazi. Mwaka 2017 joto lilipozidi hata huko, yalipauka na mengi yakafa.

Jambo moja linaniudhi: picha ya tumbawe jeupe, chini yake wameandika "limekufa". Lisogelee mpaka miwani ikaribie kuligusa, utaona vimikono vyembamba kama kioo vikichezacheza. Lina njaa, lakini lipo hai. Mengine kabla ya kupauka hung'aa zambarau au buluu kali, na wageni hushangilia wakipiga picha. Likifa kweli, siku chache tu linavaa utando wa mwani wa kijani na kahawia. Hapo ndipo naandika "mfu" kwenye ubao wangu.

ChazaMkavu
Msisahau asidi. Bahari humeza takriban robo ya hewa ukaa tunayotoa, nayo huyaongezea maji asidi, hata chokaa ya matumbawe na magamba ikawa ngumu kujengeka. pH ya maji ya juu (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imepanda) imeshuka kutoka kama 8.2 hadi 8.1 tangu enzi ya viwanda. Usiidharau hiyo 0.1, kipimo chenyewe ni cha logi, kila namba moja ni mara kumi: asidi imeongezeka kwa zaidi ya robo. Vituo vya kutotolesha chaza vya Oregon na Washington, Marekani, vilipoteza vibuu kwa mabilioni miaka ya 2007 na 2008, gamba la kwanza likishindwa kujengeka. Sasa hupima maji kabla ya kuyaingiza kwenye matangi.

Mdadisi77
Nimekupata, mzee. Likipauka linaweza kurudi? Na El Niño, ile hali ya Pasifiki kupata joto kila baada ya miaka kadhaa, si ilikuwepo tangu zamani? Jipya ni lipi?

MzamiajiMzee
Linarudi, maji yakipoa mapema. Mwani huingia tena kwa wiki au miezi kadhaa, ingawa tumbawe hubaki dhaifu na kuzaa kwake hupungua.

El Niño ni ya kale, hilo kweli. Jipya ni kwamba nafasi ya kupona inakatwa. Chukua Great Barrier Reef ya Australia: kupauka kwa halaiki 1998, 2002, kisha 2016, 2017, 2020, 2022 na 2024. Matumbawe ya matawi, yale yanayokua haraka, huhitaji miaka 10 hivi kujaza mwamba tena. Yale makubwa ya duara hukua kama sentimita moja kwa mwaka, basi hesabu mwenyewe. Na 2022 ulikuwa mwaka wa La Niña, kinyume cha El Niño, ambayo kwa kawaida huleta nafuu.

Ukitaka kufuatilia, NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, hutoa ramani za joto hili kila siku, bure. Namba zake ni nyuzi zilizozidi kilele mara wiki: tafuta mahali palipofika 4, halafu 8, yaani zile wiki nne na nane za nyuzi moja nilizokutajia.